Nguo, Joto la Mwili na Usingizi katika Karagwe tangu Zama za Rumanyika

Tarehe 25 Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika mbele ya Rumanyika, Mukama wa Karagwe, katika makao yake ya Bweranyange. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nili, na habari za mto huo ndizo zilizowapatia sifa kwao Ulaya. Lakini katika kitabu cha safari alichokitoa Speke mwaka 1863 zimo kurasa chache zisizohusu mto wala ziwa, ambazo zimekuwa zikirudiwa na waandishi wengi tangu wakati ule hata leo. Ni zile zinazoeleza habari za wake wa ukoo wa kifalme, walionenepeshwa kwa maziwa hata kusimama wima kukawa kazi.

Speke alimwona kwanza mke wa kaka yake Mukama. Alipouliza sababu ya unene ule, mume alimwonyesha vyombo vya maziwa vilivyopangwa nyumbani, akamweleza ya kuwa wanawake wa jamaa ya mfalme hunyweshwa maziwa tangu utotoni, kwa kuwa ndiyo desturi ya watu wakuu kuwa na wake wanene sana. Siku nyingine Speke aliomba kumpima mwanamke mwingine, shemeji yake Mukama. Hakukubaliwa bure, ilimpasa naye aonyeshe miguu na mikono yake mwenyewe, maana weupe wake ulikuwa kioja kwa yule bibi kama vile unene wa bibi ulivyokuwa kioja kwake. Vipimo alivyoviandika ni hivi: mzunguko wa mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4, paja futi 2 na inchi 7, ndama ya mguu futi 1 na inchi 8, na kimo futi 5 na inchi 8. Karibu yao alikuwapo binti wa miaka 16 aliyekuwa akinywa maziwa katika chombo, na baba yake amemkalia na fimbo mkononi.

Kurasa hizo zimesimuliwa mara nyingi kwa mzaha, kana kwamba ni mambo ya ajabu yasiyo na mfano popote. Wasomaji wa kwanza wa kitabu kile hawakujitazama. Mwaka uleule wa 1863, huko London na Paris, mwanamke wa daraja la juu hakutoka nje bila ya korseti: vazi la kitambaa kigumu lililotiwa mifupa ya nyangumi au vyuma vyembamba, likakazwa mgongoni kwa kamba mpaka kiuno kikawa chembamba. Karagwe ilikuwa ikiunda umbo la mwanamke kwa kumjaza. Ulaya ilikuwa ikiliunda kwa kumbana. Swali linalofaa kuulizwa, ambalo Speke na utepe wake hakuliuliza, ni namna kila desturi ilivyoutendea mwili katika mambo mawili yasiyoonekana kwa macho, yaani joto na usingizi. Na swali hilo si la kale tu, kwa sababu za zamani hizi zitakazoonekana mbele.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya Karagwe ya kale leo imo katika wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, yaani Karagwe na Kyerwa, ambayo ilitengwa na kuwa wilaya mwaka 2012. Ni nchi ya vilima virefu na mabonde, upande wa magharibi ukipakana na mto Kagera, na vilima vingi hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali kama ilivyo popote karibu na Ikweta, bali usiku hushuka ubaridi, na miezi ya mvua ukungu hukaa mabondeni hata jua lipande. Mtu wa Pwani anayelala Kayanga kwa mara ya kwanza huomba blanketi la pili. Basi nguo ya nchi kama hiyo hutakiwa kufanya kazi mbili zilizo kinyume: mchana iruhusu joto litoke, usiku ilizuie lisitoke lote.

Nguo za zamani ziliweza kazi hizo. Wafugaji walivaa ngozi za ng'ombe zilizolainishwa kwa siagi, na mwili pia ukapakwa siagi. Wengine walivaa mbugu, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, iliyopondwa kwa nyundo ya mti hata ikawa laini, ambayo Buganda na nchi za kando ya Ziwa zilisifika sana kwa kuitengeneza. (Ufundi huo wa Waganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa ulimwengu.) Ngozi na mbugu zote mbili hazikushonwa kufuata umbo la mwili. Zilizungushwa na kufungwa fundo begani au kiunoni, na mtu akitaka kulala hulifungua fundo, na nguo ya mchana ikawa shuka ya usiku. Vitu vilivyobana vilikuwa mapambo tu, kama vile vikuku vya shaba na nyuzi za chuma zilizozungushwa miguuni. Rumanyika mwenyewe, siku ile ya kuwapokea wageni, alikuwa amevaa joho jeusi la Kiarabu lililolegea, na miguuni shanga za rangi zilizosukwa kama soksi.

Nyumba nayo ilikuwa sehemu ya mavazi, ikiwa neno hilo laweza kuruhusiwa. Msonge wa nyasi, ambao paa lake hushuka mpaka chini, hauna dirisha; moto huwaka katikati, na nyasi zilizotandikwa chini huzuia ubaridi wa udongo. Mtu hulala amejifunika nguo isiyombana, moto ukiwa karibu na miguu. Moshi ulikuwa mwingi, na macho na vifua viliumia; hilo halina ubishi, wala msonge hautajwi hapa ili usifiwe kwa kila jambo.

Elimu ya leo yaweza kueleza kwa nini mpango huo ulileta usingizi. Joto la ndani ya mwili wa binadamu ni kiasi cha digrii 37 za sentigredi, lakini halisimami mahali pamoja. Hupanda mchana hata jioni, kisha huanza kushuka kabla mtu hajalala, na karibu na alfajiri huwa limepungua kiasi cha digrii moja. Joto hilo hutoka kwa njia ya ngozi, na hasa ngozi ya viganja na nyayo, ambako mishipa midogo ya damu hupanuka wakati wa jioni na kuleta damu yenye joto juu. Mwaka 1999 Kurt Kräuchi na wenzake wa Basel, Uswisi, walionyesha katika jarida la Nature ya kwamba kupanuka kwa mishipa hiyo ya mikono na miguu ndiyo dalili iliyo bora ya kuwa usingizi u karibu. Mwenye miguu yenye joto hulala upesi. Jambo hili laonekana kama kinyume, kwamba miguu ipate joto ili kiwiliwili kipoe, lakini ndivyo lilivyo. Wazee waliolala wameelekeza nyayo motoni hawakuhitaji kuambiwa na mtu wa Basel.

Pamoja na kushuka kwa joto hutokea jambo la pili. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huujulisha mwili kuwa usiku umefika na husaidia joto kushuka. Mambo haya mawili hufuatana kama ng'ombe na ndama, na likizuiwa moja la pili nalo huvurugika.

Sasa na turudi kwa wale mabibi wa Bweranyange. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ni kizuizi cha joto. Mwenye mwili mkubwa huutunza ujoto wake kuliko mwembamba, na katika usiku wa vilimani hilo huenda lilikuwa faida. Lakini mchana joto lile halikupata njia rahisi ya kutoka, na ndiyo sababu moja ya kutosha kwa mtu wa namna ile kukaa kivulini amelala na nguo chache mwilini, mbali na uzito wenyewe. Tena tabibu wa leo angetaja tatizo ambalo halikuwa na jina wakati ule: nyama za shingo na koo la mtu mnene sana huweza kuziba njia ya pumzi usingizini, pumzi ikakatika na kurudi mara nyingi kwa usiku mmoja, na mtu akaamka amechoka kuliko alivyolala. Speke hakulala nyumba moja na mabibi wale, wala hakuacha neno juu ya usingizi wao. Lakini hapana sababu ya kudhani ya kuwa maziwa yaliwapa raha ambayo korseti iliwanyima wenzao. Binti wa miaka 16 anayenyweshwa chini ya fimbo hakuchagua umbo lake, sawasawa na binti wa Kiingereza aliyekazwa kamba na mama yake.

Desturi hizi mbili zilifanana katika jambo jingine. Wanyambo waliolima migomba hawakuwanenepesha wake zao, nani angelima? Kadhalika mwanamke wa kiwandani huko Manchester hakuweza kujikaza kama bibi wa nyumba kubwa. Mwamerika Thorstein Veblen aliandika mwaka 1899 ya kwamba korseti humpunguzia mwanamke nguvu za kazi makusudi, ili ijulikane dhahiri kuwa yuko mwenye mali anayemlisha. Maneno hayo yangeweza kuandikwa juu ya Bweranyange bila ya kubadilisha kitu ila jina la vazi.

Unenepeshaji wa Karagwe haukukomeshwa na amri wala mahubiri. Ulianguka pamoja na ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliyoshuka kutoka kaskazini ilipita katika nchi za maziwa makuu na kuua mifugo bila hesabu, na Karagwe ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopigwa sana. Pasipo maziwa hapana unene wa maziwa. Ufalme wenyewe ulikuwa umekwisha kudhoofika kwa ugomvi wa urithi baada ya Rumanyika, na mwaka 1890 Emin Pasha alijenga kituo cha Wajerumani Bukoba.

Nguo za pamba zilikuwa zimetangulia. Tangu zama za Rumanyika palikuwa na kituo cha wafanya biashara wa Kiarabu na wa Pwani huko Kafuro, karibu na Bweranyange, na kwa njia hiyo merikani, kaniki na shanga zilipanda kutoka Tabora. Merikani ilivaliwa kama mbugu ilivyovaliwa, kwa kuzungushwa na kufungwa fundo. Badiliko kubwa lilikuja na sindano. Wamisionari wa White Fathers walifika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na baadaye Walutheri wa Bethel. Shule zikaja na kanzu, gauni, kaptura na blauzi zilizokatwa kwa kipimo cha mwili. Hata hivyo ushonaji wa kwanza ulikuwa na hekima ya kuacha nafasi. Katika nchi jirani ya Buganda, gomesi iliyotokea katika shule ya wasichana ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20, ikashonwa na fundi wa Kigoa ambaye vazi lilichukua jina lake, ni gauni pana lenye mkanda uliofungwa chini ya kiuno bila kukazwa. Ndani yake huvaliwa kikoi ili gauni lisishike mwili na nyonga zionekane kubwa. Umbo lililotafutwa zamani kwa maziwa likapatikana kwa kitambaa, na jioni likavuliwa na kutundikwa.

Wazungu wenyewe waliokuja katika nchi hizi walikuwa na vazi lao la kubana, nalo halikuwa la urembo. Katika karne ya 19 madaktari wengi wa Ulaya waliamini kuwa tumbo likipata baridi, hasa usiku, mtu hushikwa na kuhara au kipindupindu. Kwa hiyo jeshi la Waingereza huko Uhindi lilitoa kwa askari mikanda ya flaneli ya kuzungusha tumboni, na desturi hiyo ikafuatwa na wasafiri na maafisa katika nchi za joto, hata wengine wakalala nayo. Robert Koch alipomtambua mdudu wa kipindupindu mwaka 1884, mkanda ulipoteza sababu yake, lakini haukupoteza wavaaji. Uliendelea kuvaliwa katika karne ya 20. Ni vigumu kutocheka. Ugonjwa ulikuwa katika maji ya kunywa, na mkanda ulikuwa kiunoni.

Kuhusu korseti, iko tofauti moja ambayo ni muhimu kwa habari ya usingizi. Korseti ilikuwa na mifupa na vyuma, na kulala nayo kulikuwa mateso. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1860 jarida la Englishwoman's Domestic Magazine lilichapisha barua za watu waliodai kuwa wasichana wa shule fulani walilazwa usiku katika korseti zao. Wanahistoria wanazishuku barua hizo, na nyingi zina harufu ya uzushi. Mwanamke wa kawaida aliifungua jioni. Madaktari waliolalamika, na walikuwapo tangu mwisho wa karne ya 18, walilalamikia mbavu, ini na mapafu, si usiku.

Uzi mmoja ndio uliobadilisha mambo. Mwaka 1958 mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Marekani alipata uzi wa kuvutika uitwao spandeksi. Kwa uzi huo vazi laweza kubana mwili mzima bila mfupa, bila chuma na bila kamba, likavaliwa chini ya nguo na mtu asijue. Mwaka 2000 Sara Blakely alianzisha Spanx huko Atlanta, na biashara ya mavazi ya kuunda umbo ikaenea duniani kote, Afrika ya Mashariki ikiwamo, kwa njia ya maduka, mitumba na matangazo ya simu. Mkanda wa namna hii haumchomi mvaaji. Kwa sababu hiyo aweza kusahau kuuvua, na wako wauzaji wanaomshauri kwa makusudi alale nao ili tumbo lipungue upesi.

Ajabu ni kwamba mwaka uleule wa 2000 ndipo ulipotolewa uchunguzi unaohusu jambo hili moja kwa moja. Watafiti Lee, Hyun na Tokura, ambaye alikuwa mtaalamu wa mavazi na joto la mwili katika Chuo Kikuu cha Wanawake cha Nara, Japani, walilinganisha wanawake waliovaa mavazi ya ndani ya kubana na hali ya kuvaa nguo zilizolegea. Walikuta kuwa chini ya mavazi ya kubana joto la ndani ya mwili lilikuwa juu zaidi mchana na usiku, na melatonini ya usiku katika mate ilipungua sana. Yaani mambo yale mawili yanayofungua mlango wa usingizi yaliguswa yote mawili. Uchunguzi ulikuwa mdogo, na mtu mwenye busara hatajenga sheria juu yake peke yake. Lakini haukutoka hewani. Huko nyuma, mwaka 1950, Wajapani wengine wawili, Takagi na Sakurai, walikuwa wameonyesha ya kuwa ngozi ikigandamizwa upande mmoja wa mwili, jasho hupungua upande ule na kuongezeka upande wa pili. Kubanwa kwa ngozi, basi, si jambo la nje tu. Mishipa ya fahamu hupata habari, na mwili hubadilisha namna ya kutoa joto lake. Ongeza na mambo ambayo madaktari huyaona kila siku, kama tindikali ya tumbo inayopanda kifuani kwa mtu aliyebanwa akalala, au ganzi ya paja kwa sababu ya mshipa uliogandamizwa kinenani.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini mambo haya hayakuzungumzwa mapema Tanzania, nchi ambayo imewahi kupiga marufuku nguo za kubana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 minisketi, wigi, vipodozi vya kung'arisha ngozi na suruali za kubana vilikatazwa katika Dar es Salaam. Barua nyingi ziliandikwa magazetini. Hoja zilikuwa za heshima, za utamaduni wa taifa na za kuiga Wazungu. Wako waliojibu kwamba utamaduni halisi wa nguo ni ngozi na magome ya miti, ambayo yalifunika kidogo kuliko minisketi. Jibu hilo lilikuwa kali, na Karagwe ingeweza kulitolea ushahidi. Lakini pande zote mbili ziliitazama nguo kwa jicho la mtu aliye nje yake. Vile mwili ulio ndani unavyopumua na kulala halikuwa swali la siasa, na operesheni ikapita.

Iko desturi moja ya kubana ambayo ni ya nyumbani kabisa, nayo isichanganywe na hizo nyingine. Katika Pwani na sehemu nyingi za bara, mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa tumbo kwa kanga katika siku arobaini za uzazi. Wakunga husema kuwa tumbo hurudi. Madaktari husema kuwa mji wa uzazi hurudi wenyewe katika majuma sita hivi, kanga iwepo isiwepo. Hata hivyo kanga ina sifa ambayo mkanda wa spandeksi hauna: hufungwa na mkono wa mtu mwingine, ambaye humwuliza mzazi kama imekaza mno, na usiku hulegezwa. Wasichana wengi siku hizi huletewa mkanda wa dukani mahali pa kanga, na mkanda hauulizi.

Kwa wanawake wa Karagwe na Kyerwa jambo hili lina uzito wake. Kazi yao bado ni jembe, migomba, maharage na kahawa. Siku huanza kabla ya jua, na usingizi wa saa chache ndio mali yao isiyonunulika. Vazi linalopandisha joto la mwili mchana shambani na kulizuia kushuka usiku humchukulia mwanamke wa namna hiyo kitu ambacho bibi wa Bweranyange, aliyelala kutwa nzima, hakukikosa. Wala ubaridi wa vilima si kinga. Chumba chaweza kuwa baridi na mwili ukawa na joto ndani ya mkanda, maana joto huzuiwa kwenye ngozi, si kwenye ukuta. Blanketi lililolegea hufanya kazi ya mbugu: huwekwa na kuondolewa na mlalaji mwenyewe usingizini, bila kuamka.

Palikuwa na mahali pamoja katika Karagwe ambapo mwili uliachwa wazi kwa joto makusudi. Ni chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo zimo katika wilaya ya Kyerwa. Henry Morton Stanley alizizuru mwaka 1876, alipokuwa mgeni wa Rumanyika, akakuta wagonjwa waliotoka nchi mbalimbali wamepiga vibanda pembeni, wakioga na kungoja nafuu. Stanley alioga pia, na hakuona ya kuwa maji yalimfanyia kitu. Huenda alitarajia makubwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walikusanya uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa, wakaona kuwa mtu akioga maji ya digrii 40 hadi 42 na nusu, saa moja au mbili kabla ya kulala, usingizi humjia kiasi cha dakika 10 mapema. Maji hupanua mishipa ya ngozi, na mwili ukitoka majini hupoa upesi. Wagonjwa wa Mtagata waliingia majini bila nguo, wakatoka, wakajitupia ngozi au mbugu mabegani, wakaenda vibandani kulala juu ya nyasi.